Mahali Alipozaliwa Babu

Mimi na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, hatupikiki chungu kimoja. Kila harusi, kila matanga, atajipweteka kwenye kochi lake pale mtaa wa Tena atuhadithie kwamba babu alizaliwa Kariokor, papa hapa Nairobi. Kariokor, Kariokor, mpaka masikio yanachoka! Nikaapa nitamwumbua.

Nilihangaika mwaka mzima. Niliwaandama wazee wa msikitini kwa chai na mahamri, mpaka nikampata mmoja, hana jino hata moja, aliyeingia Nairobi pamoja na babu.

"Kariokor gani?" akacheka. "Tulitoka ng'ambo ya mpaka tukiswaga ng'ombe. Mimi kijana, yeye mwanamume mzima, ndevu hizi."

Nilimrekodi kwa simu. Jioni ile nikaitupa sauti yake kwenye grupu ya familia, chini nikaandika: Haya, mwongo ni nani?

Mama mkubwa akapiga hapo hapo. "Futa! We mtoto una wazimu? Futa!"

"Sifuti ng'o! Umezoea kutudanganya."

Akakata. Nilifurahi, sitaficha. Nilijimiminia chai nikaisikiliza sauti ile mara ya pili.

Wiki hiyo binti wa dada yangu alikwenda kuomba kitambulisho. Sisi wenye majina ya Kiislamu kama yetu hatupewi hivi hivi kama majirani. Unawekwa mbele ya kamati ya wazee, unahojiwa ukoo wote, nani alizaliwa wapi, wahakikishe wewe si mgeni. Kazi alishapata, kwenye duka la jumla, ila bila kitambulisho hawamwandiki. Alipoulizwa, akajibu alivyofundishwa: Kariokor. Mzee mmoja wa kamati, shemeji wa binamu yetu aliyemo kwenye grupu yetu, akatoa simu akamchezea ile rekodi. Kisha akamsomea maneno yangu mbele za watu. Akamwambia arudi na cheti cha kuzaliwa cha babu. Cheti gani? Hakijawahi kuwapo.

Nilimkuta msichana kwa mama mkubwa, macho yamemvimba. Nami, mjinga wa wajinga, nikafungua mdomo: "Lakini ukweli ni kwamba..."

"Nyamaza!" Mama mkubwa akanigeukia. "Ulipofika miaka kumi na minane, nani alisimama mbele ya wazee hao akashika msahafu kwa ajili yako? Nilisema Kariokor, wakakupa."

Msichana akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa kwa chuki namna ile na mtoto niliyembeba mgongoni.

"Anko," akasema, akanyoosha mkono, "hebu nionyeshe kitambulisho chako."

Kilikuwa mfukoni. Nikashindwa kukitoa.