Siku Mtani Alipolala Mlangoni

Andika kama ninavyosema, wala usitie chumvi. Mimi sikusoma, lakini neno langu likibadilishwa nitalijua.

Babu yako alianza kazi kama karani wa mizigo katika stesheni ya Tabora. Uhuru ulipokuja alikuwa tayari mtu wa chama, akachaguliwa diwani, kisha mbunge, na hatimaye akapewa dhamana ya kusimamia barabara, madaraja na mabasi ya umma katika mkoa mzima. Hakuipata kwa hila. Kabla yake, mtu wa Puge aliyetaka kwenda Tabora wakati wa masika alikaa nyumbani mpaka tope likauke. Yeye alileta greda, akaleta makaravati, akaleta basi. Siku basi hilo lilipofika Nzega, wanawake walipiga vigelegele, na wazee wakaligusa ubavuni kwa viganja, kama wanavyomkagua ng'ombe wa mahari. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nimevaa khanga mpya. Watu huniuliza nilijisikiaje. Nakumbuka vumbi.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya pamoja, kando ya barabara, ili watu wafikiwe na shule, maji na zahanati. Babu yako ndiye aliyesema barabara ipite wapi, na ilipopita ndipo watu walipohamishiwa.

Mama yangu aliishi ndani kabisa, mwendo wa asubuhi nzima kutoka barabarani. Baba yangu alizikwa hapo nyuma ya ghala la mtama. Mama aliomba jambo moja tu: aachwe hapo hapo, ili siku yake ikifika alazwe kando ya mumewe. Alinituma mimi nilifikishe ombi, kwa kuwa kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe ana kwa ana.

Nilimwambia mume wangu wakati wa chakula.

"Mama haombi barabara wala basi. Anaomba aachwe."

"Nikimwacha mama mkwe wangu, kesho nitamwambia nani apande lori?"

"Ni kikongwe mmoja tu."

"Kila kaya ina kikongwe mmoja, mke wangu."

Alinawa mikono, akaondoka. Aliyoyasema yalikuwa ya haki, nami nikaondoa vyombo.

Siku ya kuhama alikuja mwenyewe kwa Land Rover, ili watu waone kwamba hapendelei. Nyuma yake lilikuja lori la serikali lililobeba mgambo. Dereva wa lori hilo alikuwa Mzaramo, mtu wa Pwani, na Mzaramo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi. Haya watoto wa leo hamyajui vizuri, kwa hiyo sikiliza. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi baharini. Waliofika wamechoka, Wazaramo waliwapa maji. Waliofia njiani, Wazaramo waliwazika. Hapo ndipo utani ulipozaliwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wanao, kuchukua kuku wako, hata kuzuia maiti wako asitoke nyumbani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unarudisha tusi, unampa kitu kidogo, mnacheka. Na ukifa, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi lako.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono tupu. Hakuwa amefunga mzigo wowote. Mgambo walisogea, wakasita. Babu yako alisimama mbali, kando ya gari, kama inavyompasa mkwe.

Dereva alimtazama mama, akamtazama bosi wake. Sijui alielewa nini. Nilichoona ni kwamba alivua kofia, akaenda akajilaza kifudifudi kwenye kizingiti.

"Nyumba hii ni yangu!" akapaza sauti. "Na bibi huyu ni mke wangu. Anayetaka kumhamisha anipe kwanza mbuzi mwenye ndevu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama akainamisha kichwa kumtazama.

"Mume gani huyu ananuka dizeli? Hata mahari hujaleta!"

"Mahari nilimlipa babu yako, kwa maji ya kunywa. Alifika kwetu ulimi umemtoka kama mbuzi wa kuchinjwa!"

"Ondoka hapo, mvivu wee. Wazaramo mnalala hata jua la utosi!"

"Nalala kwangu, mtumwa wangu mzuri. Nikoshee miguu!"

Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Hata mgambo walicheka, wakaweka fimbo zao chini. Kila mtu mzima pale alijua kilichotendeka: mtani amefunga mlango, na mlango uliofungwa na mtani haufunguliwi kwa nguvu. Ilibaki babu yako acheke, amtupie tusi moja, aahidi mbuzi, lori liondoke na wengine. Angerudi Tabora akasema amezuiwa na mtani, na hakuna Mnyamwezi hata mmoja ofisini ambaye angemlaumu. Ombi la mama lingekuwa limepita bila yeye kumpendelea mtu.

Babu yako akasema, "Ndugu dereva, inuka. Hii ni kazi ya serikali."

Dereva alidhani naye anatania. "Msikieni mpagazi! Amevaa viatu, amesahau nani alimfunga vidonda vya mabega!"

"Nimesema inuka. Mgambo, mwondoeni."

Kicheko kilikatika. Mgambo walimtazama kama mtu asiyeisikia lugha, akarudia amri. Wakamshika dereva makwapani, wakamwinua. Hakupinga. Alijipangusa vumbi magotini, akavaa kofia yake.

Mama alisimama mwenyewe. Alipanda lori bila kushikwa mkono, akaketi juu ya magunia ya michembe, viazi vyetu vya kukausha, ambayo mimi nilikuwa nimemfungia. Hakutazama nyuma na hakunitazama mimi. Dereva aliendesha. Wiki hiyo hiyo aliondolewa kazini.

Mama aliishi kijijini kando ya barabara mpaka mvua zilizofuata. Basi lilipita mbele ya mlango wake, na yeye aligeuza kigoda kikatazama ukuta. Alipofariki, nilimkuta amekwisha kufunikwa. Sikulia. Nilikoroga uji wa waombolezaji.

Kabla kaburi halijaanza kuchimbwa, lori la mfanyabiashara wa pamba wa Nzega lilisimama nje. Alishuka yule dereva, pamoja na Wazaramo wenzake.

"Nimekuja kumchukua mke wangu," alisema. "Hapa si kwake."

Walimtania mama hata akiwa maiti. Mmoja alijifunga khanga ya marehemu, akatembea kama yeye, watu wakacheka huku wakilia. Kisha walimbeba hadi kwenye lori wampeleke kwenye kaya ya zamani, na hakuna aliyewazuia, kwa sababu maiti akiwa mikononi mwa mtani hana amri nyingine. Babu yako alikuwa amesimama njiani. Alitoa noti, akainyoosha.

"Mtani," alisema, "chukua yule mbuzi wako."

Dereva alivua kofia kwa mikono miwili, akainama.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, akapita.

Mama alilazwa nyuma ya ghala lililokwisha kuanguka, kando ya mumewe.

Babu yako aliendelea na kazi miaka mingi. Alijenga madaraja ambayo bado yanapitika, akastaafu salama, akakaa hapa barazani akihesabiwa miongoni mwa waliotumikia nchi vizuri. Alipofariki walikuja viongozi, yakaja magari. Wazaramo wa mjini walikuja pia, na yule dereva, mzee sasa, akitembelea bakora. Waliketi kwenye mkeka, wakanipa pole kwa sauti ya chini, wakala, wakaaga. Hakuna aliyemwiga, hakuna aliyeshika jembe, hakuna aliyelala mlangoni. Kaburi lilichimbwa na vijana wa ofisi.

Alizikwa kwa heshima zote.