Utepe Mwekundu Uliokwenda Kula

Kamati ya mbio za jiji ilikutana kwa wiki sita, na wiki tano kati ya hizo ilizungumzia fulana. Nasema ninachokijua, kwa sababu niliitwa kwenye vikao vitatu na nikakaa hadi mwisho wa kila kimoja, jambo ambalo mwenyekiti mwenyewe hakuliweza. Ziwe za bluu au za kijani. Ziwe na kola au zisiwe nayo. Mgongoni aandikwe nani, na kwa herufi za ukubwa gani. Kuhusu maji ya wakimbiaji, mtu mmoja alisema yatakuwepo, na mwandishi wa kikao akaandika kwamba yatakuwepo. Tukafunga kwa sala.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja hapa Kator. Nilikuja Juba kutoka Kenya kutunza ghala la shirika fulani. Shirika likaondoka, mimi nikabaki, na namshukuru Mungu kwa kuniachia kazi ambayo haiondoki. Kamati iliniita kwa sababu ilitaka mzee wa kuaminika akae mahali pa kugeuzia, upande wa Lemon Gaba, ili watu wasikatize njia na kurudi wakijifanya wamefika. Utaratibu wao ulikuwa huu: kila atakayefika pale atafungwa utepe mwekundu mkononi, na atakayerudi bila utepe atahesabiwa kuwa hakukimbia. Hana utepe, hana cheti.

Nilikubali, ila si kwa ajili ya kamati. Nilikubali kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Ni Mganda wa kutoka milima ya mashariki, jirani yangu wa uzio kwa uzio. Anafagia madarasa katika shule moja ya binafsi. Kabla ya kufagia hukimbia, na baada ya kufagia watoto wa shule humfuata uwanjani, naye huwafundisha kukimbia bila kutumwa na mtu. Mkuu wa shule aliona kwamba watoto wake wameanza kushinda shule nyingine. Akamwita ofisini akamwambia alete cheti cha kumaliza marathoni nzima, naye atampa somo la michezo muhula ukifunguliwa. Asipoleta, kuna mtu mwenye diploma huko Nairobi anayesubiri kupigiwa simu. Muhula ulikuwa ufunguliwe Jumanne, na mbio zilikuwa Jumamosi.

"Mzee, kukimbia si shida," aliniambia siku moja akiwa ameegemea uzio. "Shida iko kwa karatasi."

"Nitakuwa pale pa kugeuzia. Ukifika utanikuta."

"Usianze kusali ukanisahau."

"Nitasali macho yakiwa wazi."

Akacheka, akaenda kuanua nguo.

Mbio zilitakiwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, wakati jua la Juba bado lina huruma. Saa kumi na mbili wakimbiaji walikuwepo. Mahema yalikuwepo, na makochi ya wageni yaliyofunikwa kwa vitambaa vyeupe, na spika mbili zilizotosha kuamsha Kator nzima. Nikaombwa nifungue kwa sala. Niliomba kwa utulivu, niliombea miguu yao na makutano ya barabara, nikamaliza. Kisha tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani.

Alikuwa njiani hadi saa tatu kasoro. Wakimbiaji walipasha misuli moto mara tatu na mara tatu ikapoa. Wengine walikaa chini kwenye lami, maana makochi yalikuwa ya watu wasiokimbia. Magari yalipofika, mwenyekiti alinijia haraka. Ni Mkenya mwenzangu, anafanya kazi benki, na siku ile alivaa miwani myeusi na fulana yenye kola.

"Mzee wetu, sala tena."

"Tumeshasali."

"Najua, lakini mheshimiwa hakuwepo."

Mungu alikuwa ameisikia ile ya kwanza. Aliyeikosa ni mgeni. Nikairudia, kwa ufupi, nikaongeza ombi la uvumilivu, na wakimbiaji wakaitikia Amina kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Halafu mgeni akapanda jukwaani akahutubia juu ya faida za kuamka mapema.

Mimi nilikwishapanda bodaboda. Nilipofika mahali pa kugeuzia nilikuta hema dogo, katoni za maji zilizopangwa vizuri, meza, na maofisa watatu wa kamati wakicheza karata. Mkubwa wao alikuwa na furushi la tepe nyekundu shingoni kama mtu anayeuza mashada. Mkobani mwangu nilikuwa na rozari, kalamu, na daftari la mahudhurio ya wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, maana jioni nilikuwa na darasa lao.

Mbio zilianza saa tatu na nusu. Wanaume wa mbele walitufikia karibu na saa tano, kundi la watu tisa hivi, wamekonda, wakavuta pumzi, wakafungwa utepe, wakanywa, wakageuka. Nilifurahi kuwaona. Baada yao hakuja mtu. Nusu saa hakuja mtu. Niliitazama barabara hadi macho yakauma.

Sababu niliijua baadaye, kutoka kwa wakimbiaji wenyewe. Mgeni rasmi, baada ya kupunga bendera na kunywa soda, alikuwa na ndege ya kwenda Entebbe. Msafara wake ulipoelekea uwanja wa ndege, askari walifunga makutano kama kawaida yao, na mbio alizozianzisha yeye mwenyewe zikasimamishwa ili yeye apite. Waliokuwa mbele walikwishavuka. Wengine wote, pamoja na wanawake wote, waliambiwa wakae chini pembeni mwa barabara. Walikaa saa nzima na zaidi. Msafara ulipita ndani ya dakika mbili, lakini askari hawakuambiwa wafungue, na Juba mtu hafungui kitu ambacho hakuambiwa afungue.

Saa sita ilipofika, ofisa mkubwa aliangalia simu yake, akakunja karata.

"Kalas, mzee, imekwisha. Twende."

"Watu hawajafika."

"Karatasi ya posho inasema mpaka saa sita. Na chakula kiko kule mwisho."

"Basi niachie tepe."

"Tepe ni mali ya kamati."

"Niachie maji."

"Maji nayo ni ya kamati, mzee. Mimi nitajibu nini?"

Walipakia hema, meza, maji na tepe kwenye pikapu kwa bidii ambayo sikuwa nimeiona tangu asubuhi. Waliniachia kiti kimoja cha plastiki kwa sababu nilikuwa nimekikalia. Nawaombea. Lakini nasema kweli, nimefundisha watoto wa miaka saba Amri Kumi za Mungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzisoma kwa ujinga kama watu wale walivyoisoma ile karatasi ya posho.

Kando ya barabara palikuwa na boma, na mlangoni mwake bibi mmoja alikuwa amesimama akiyatazama yote. Nilimtambua, na ningependa kusema kwamba nilifurahi. Kabla ya Kwaresima alikuja kigangoni akitaka kuandikwa awe msimamizi wa ubatizo wa mjukuu wake. Yeye mwenyewe alibatizwa kambini Uganda, enzi za ukimbizi. Nilimwuliza barua ya parokia ya kule, yenye muhuri. Hakuwa nayo. Nilimwambia kwa upole aende akaitafute, naye akaenda zake kwa miguu hadi huku Lemon Gaba.

"Ya katekista," akaniita, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. "Umekuja mpaka huku kutafuta barua yangu?"

"Hapana, mama. Natafuta maji. Si yangu, ni ya watu wanaokuja."

"Wale wamekimbia na maji?"

"Wamekwenda kula."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na jerikeni, jagi la kijani na kikombe kimoja. "Moya iko," alisema, yaani maji yapo, akayaweka miguuni pangu. Hakuongeza neno. Ningependelea aongeze.

Wakimbiaji walianza kutokea saa sita na robo, wamechomwa na jua kichwani kote. Jirani yangu alikuwa wa nne. Chumvi ya jasho ilikuwa imemkaukia mashavuni. Alisimama akatazama kulia na kushoto.

"Mzee. Hii watu imeenda wapi?"

"Kula."

"Na utepe?"

"Nao umekwenda kula."

Alikunywa kikombe kizima, akamimina kingine kichwani. "Askari wametukalisha kama wezi," alisema. "Sasa mimi narudi kufanya nini? Bila utepe watasema sikufika."

"Umefika. Nimekuona."

"Wewe si utepe, mzee."

Nikafungua daftari la wakatekumeni kwenye ukurasa mtupu. Niliandika namba iliyokuwa kifuani pake, saa iliyokuwa mkononi mwangu, na jina lake, kisha nikampa kalamu atie sahihi. Akatia, akanirudishia kalamu.

"Nenda," nikamwambia. "Usipomaliza hata hili daftari halitakusaidia."

Alikwenda. Niliandika wote kwa namna ile, mmoja baada ya mwingine, watu kumi na saba, nikiwapa kikombe kilekile. Yule bibi alijaza jagi mara nyingi nisizozihesabu. Wa mwisho alipogeuka, nilisimamisha bodaboda, nikaenda mwisho wa mbio nikiwa na jagi la watu mkononi, kwa sababu katika haraka nilisahau kulirudisha.

Kule mwisho walikuwa wanakunja mahema. Kwenye meza kulikuwa na vyeti ambavyo mgeni rasmi alivisaini siku mbili kabla ya mtu yeyote kukimbia, na wali uliobaki kidogo. Jirani yangu aliingia saa nane na nusu, peke yake barabarani, akikwepa magari, maana njia ilikuwa imefunguliwa kwa magari na si kwake. Alivuka mstari wa chokaa, akaja moja kwa moja mezani akanyoosha mkono.

Mwenyekiti aliutazama ule mkono. "Utepe?"

"Hakuna. Watu yako wameondoka."

"Dada, bila utepe hatuwezi kujua kama ulifika."

"Mimi najua," nikasema. Nikaweka daftari mezani.

Alilisoma kwa heshima. Aliona namba, saa, sahihi. Aligeuza ukurasa akaona majina ya wakatekumeni na alama zao za kuhudhuria, akaurudisha. "Mzee wetu, kazi nzuri. Lakini hili daftari halina muhuri."

"Nilikuwepo pale. Ninyi wenyewe mlinituma."

"Sikatai ulikuwepo."

"Basi?"

"Muhuri, mzee. Kamati itauliza. Jumatatu mchana tunafunga orodha."

Mwanamke alikaa chini palepale kwenye lami, mara ya pili siku ile. Hakulia wala hakutukana. Alifungua kamba za viatu, na nikaona soksi zake zilivyoloa damu kwenye vidole. Mwenyekiti alisogeza wali wake pembeni usije ukaingiwa na vumbi.

Jumapili baada ya Misa nilimfuata paroko sakristiani nikamweleza yote. Alikuwa anavua kanzu.

"Kumi na saba," alisema. "Katekista, umewabatiza lini?"

"Wamejibatiza wenyewe, Padre. Kwa jasho."

Akacheka. Kisha akauliza kama mtu anayeungamisha: "Ulichoandika ulikiona kwa macho?"

"Nilikiona."

"Daftari ni letu?"

"Ni letu."

"Basi piga muhuri. Sisi hatusemi wamekimbia kasi. Tunasema ukurasa umetoka kwetu."

Nikaupiga. Ni muhuri wa duara, wa wino wa zambarau, una msalaba katikati, na huwa tunaupiga kwenye vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Jumatatu asubuhi nililipeleka daftari benki. Mwenyekiti aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia ule msalaba kwa furaha ya mtu aliyeokolewa.

"Sasa hapa umeniletea kitu, mzee."

Macho yangu hakuyaamini, sahihi za watu kumi na saba hakuziamini, wala damu kwenye soksi. Aliamini wino. Alinihesabia vyeti vyote bila swali, na hata akaniuliza kama nahitaji fulana. Zilibaki nyingi, za bluu, zenye kola.

Jumanne jirani yangu alivaa gauni lake la kanisani, akaingia ofisi ya mkuu wa shule na cheti chake. Jioni nilimsubiri kwenye uzio.

"Amesema nini?"

"Amesema sawa. Kesho naanza na darasa la nne." Akaegemea uzio. "Hakuuliza nilikimbia aje. Aligeuza karatasi tu, akatazama nyuma, akatazama mbele, akaniambia nimpe mtu mwingine ufagio."

Nilimpongeza, nikamshukuru Mungu pamoja naye. Kisha nikaingia ndani nikaketi, na chuki yangu yote kwa kamati ile, ambayo nilikuwa nimeilisha vizuri kwa siku nne, ilikosa mahali pa kulala. Jagi la kijani lilikuwa mezani likinitazama.

Alhamisi nilikwenda Lemon Gaba. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Nilimrudishia jagi, nikamwomba radhi kwa kuondoka nalo, akasema si neno. Nikafungua daftari, baada tu ya ukurasa wenye muhuri, nikamwuliza jina la mjukuu, na jina lake mwenyewe la ubatizo, na ni nani aliyembatiza kule kambini.

"Padre mmoja Mwitalia, mwenye ndevu," alisema. "Tulikuwa wengi. Alitubatiza kwa maji ya jerikeni." Akasimamisha ungo. "Na barua, katekista?"

"Niambie tu, mama. Nitaandika."

Alinitazama kuona kama ninamdhihaki. Kisha akasogeza kigoda, akaanza kutaja majina polepole ili nisiyakosee.