Diski ya Mzee Haipimwi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "huyo ni mzee wetu, mwache tu," roho inanichafuka.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya kununua tumbaku hapa Songea, miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na watu wanapunguzwa kazi kila kona. Baba yangu alikuwa ameshapunguzwa. Nyumba nzima pale Bombambili ilikula kwa kazi yangu, na mimi nikimwaga unga, tumekwisha.

Kompyuta za ofisi zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na kuingia chumba kile lazima uvue viatu. Watu wazima na soksi zilizotoboka, wananyata, eti vumbi ndilo linaleta virusi! Na huku kila mmoja ana diski mfukoni, ameitoa anakojua mwenyewe. Fundi wa makao makuu alipokuja kutoka Dar alicheka mpaka akakaa chini. Akatuambia virusi vinakuja na diski, si na viatu. Mimi akanipa kazi: kila diski ya nje ipite kwangu, niipime kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa pembeni, niandike daftarini ni ya nani na imeingia saa ngapi.

Nikaishika kazi. Karani, stoo, dereva, wote niliwapima. Diski yangu mwenyewe niliipima na kuiandika. Wakaniita mgambo, nikawaambia semeni mchoke.

Asubuhi moja akaingia meneja. Mzee wa mvi, benchi la mbele kanisani, kila mtu ofisini anamwamkia kwa kukunja magoti.

"Shikamoo, mzee. Naomba hiyo diski niipime kwanza."

"Marahaba, mwanangu." Akanipita, akaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya kumbukumbu za wakulima. "Hii ni ya nyumbani, ina barua za harusi ya binti yangu tu. Na mimi usiniandike. Siandikwi kama mtoto wa shule."

"Basi nitaandika kwamba haikupimwa, mzee."

Ebo! Mhasibu, mama mtu mzima, aliruka kutoka kwenye kiti chake. "We binti, umelelewa na nani? Unampekua mzee mfukoni?" Akaninyang'anya kalamu. Akanisimamia mpaka nikaomba radhi mbele ya wote. Nilimchukia pale pale, yeye na meneja wake.

Wiki haikuisha, kumbukumbu zikaharibika. Majina ya wakulima wa Namtumbo yote yamegeuka alama zisizosomeka. Fundi akarudi, akatuita kikao, akafungua daftari.

"Diski ya mwisho kuingia ni yako," akaniambia.

Yangu! Kwa sababu niliiandika!

"Ya mwisho ni ya meneja," nikasema. "Huyu mama alikuwepo. Pima yangu hapa hapa, halafu pima na yake."

Mhasibu akageukia dirishani. Fundi akachukua diski yangu, akaipima, safi kabisa. Nikadhani sasa ataomba ya pili. Akamtazama meneja. Yule mjanja wa Dar, aliyetucheka na soksi zetu, akasema, "Shikamoo tena mzee, samahani kwa usumbufu." Akafunga daftari. Woga mtupu!

"Mwanangu," meneja akaniambia kwa upole ule wake wa kanisani, "kubali tu yaishe. Nitakuombea kwa wakubwa."

"Mimi si mwanao," nikamwambia.

Chumba kizima kikaguna. Virusi havikuwashtua hata kidogo, ila hilo neno liliwashtua. Barua ya kuachishwa kazi nilipewa siku hiyo hiyo.

Nyumbani nilimweleza baba kila kitu, jinsi nilivyoomba diski, jinsi kalamu ilivyoporwa, jinsi fundi alivyofyata mkia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, nikaona angalau mmoja ameelewa.

"Kesho asubuhi tutakwenda wote," akasema, "ukamwombe mzee wa watu radhi."

Habari ya diski hakuigusa hata kidogo. Nikamwambia aende peke yake.