Kikombe Tulikitenga

Julai 12. Upepo umevuma tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio.

Leo nimepita ilipokuwa nyumba ya bibi, huku Mwazye. Zimebaki kuta mbili, moja bado ina kile kidirisha. Nikakaa hapo kidogo.

Unajua, rafiki, miaka ile mitumba inaanza kujaa minadani, sisi wajukuu tulilala kwa bibi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tunapukuchua mahindi, moto katikati, bibi anasimulia, kidirisha kimezibwa kwa matambara maana baridi ya Ufipa haina adabu.

Bibi akaanza kukohoa. Mama alikuwa amesikia kwamba kifua kikuu kinaambukiza, akamtengea kikombe na bakuli. "Atakayegusa nitamchapa!" Kikombe tukakiogopa kama nyoka, kisha giza likiingia tunakwenda kulala naye. Simlaumu mama. Hakuna aliyemwambia zaidi.

Mdogo wangu wa kike, aliyelala mgongoni kwa bibi, akakonda. Homa kila jioni, uji hataki. Jirani yetu mfugaji, Msukuma, alimtazama akamwambia baba, "Ndama wangu akiwa hivi, mimi silali."

Baba akamleta mganga wa zahanati. Akauliza nani anakohoa, analala na nani. Mama akamwonyesha kikombe, nadhani kwa fahari kidogo.

"Kikombe mmetenga, mama. Na pumzi je?" Akayang'oa matambara dirishani.

Bibi akamuuliza mganga taratibu, "Kwa hiyo ni mimi, baba?"

"Ni ugonjwa, bibi. Siyo wewe."

Bibi na mdogo wangu wakapakiwa kwenye lori la mnunuzi wa mahindi, kwenda hospitali Sumbawanga. Mtoto alibebwa kama mzigo wa nguo. Kwa wiki nyingi, kila lori likinguruma barabarani, mama aliacha kazi akasimama, asithubutu kutoka nje.

Walirudi, wakaendelea kumeza vidonge mpaka dozi ikaisha. Bibi akatuita: "Njooni sasa, mganga ameniruhusu." Mama akasema tusubiri kwanza. Tukasubiri mpaka tukakua, na hadithi zake nyingine sikuzisikia mwisho. Siku hizi sioni watoto wakilala kwa bibi zao hapa. Labda sioni vizuri.

Jioni tumekula ugali wa ulezi na maharage. Amepika mdogo wangu yule yule, kwake, akanisimamia mkono kiunoni: "Kaka, ndiyo umekula hapo?"