Shada la Mama Tishu

Miaka ishirini na saba Mama Tishu alisafisha vyoo vya ofisi moja ya ghorofa sita. Jina hilo alibandikwa na makarani waliomwona akitia mfukoni mabaki ya roli za tishu. Hakuwa mwizi, maana mabaki hayo yalikuwa ya kutupwa. Kwake yaligeuka mawaridi: alikunja vipande, akavifunga katikati kwa uzi, akavikunjua taratibu kwa ncha za vidole. Vile vibomba vya kadibodi vya katikati ya roli alivikata majani.

Alipopunguzwa kazi, mwenye nyumba naye akamwambia ahame mwisho wa mwezi. Akabaki na tumaini moja tu, mwanawe wa pekee, aliyejenga nyumba ya vyumba vinne na hakuwahi kumwambia mama yake karibu ulale. Mama Tishu hakujua kuomba. Basi akatengeneza shada la kutundika mlangoni kwa mwanawe: pete ya kadibodi, mawaridi themanini, gundi ya unga wa ngano. Akahofia yatalegea kwa unyevu, akayeyusha mishumaa na kuchovya ua moja moja. Siku tisa aliishughulikia kazi hiyo, vidole vikambabuka.

Mkwewe alilipokea shada huku akikunja pua. "Jamani mama, umehangaika bure!" Mwana alikuwa kwenye simu, akampungia mkono.

Wiki mbili kimya. Zilipobaki siku tatu za kuhama, mwana akapiga. "Mama, njoo kesho asubuhi. Mapema."

Hakusema zaidi, na mama hakuuliza. Alikuwa analia kwa furaha, maskini ya Mungu. Akafunga nguo, blanketi na sufuria kwenye furushi, akapita kuaga majirani. "Mwanangu ananichukua!"

Mlangoni hapakuwa na shada. Mkwe alimwongoza moja kwa moja hadi chooni, ambako maji yalikuwa yamefurika mpaka kizingitini. Pete ya kadibodi ilining'inia kwenye msumari ukutani, imebaki na mawaridi matatu.

"Tishu iliisha, tukawa tunachuma hayo," mkwe alisema bila haya. "Kumbe uliyapaka mshumaa! Yameziba choo. Nikasema fundi wa nini, wakati mama kazi hii anaijua?"

Mama Tishu aliweka furushi chini, akakunja mikono ya gauni. Aliyatoa moja moja, akiyatia ndooni. Nta ilikuwa imeshika vizuri mno. Mengine yalitoka yakiwa bado mawaridi. Alipomaliza akapiga deki bila kuambiwa.

Mwanawe alitokea akifunga tai. "Asante mama, umetuokoa." Akaliona furushi. "Na huo mzigo?"

Mama aliinamia ndoo. "Nguo za watu," alisema. "Naenda kufua. Nimepita tu."

"Haya. Ukitoka, uvute mlango."