Hata kwa Kuepua Sufuria

Niliripoti kazini Kibakwe siku ya Jumatatu, nikiwa na cheti kipya cha mifugo, buti za mpira zilizonizidi kidogo, na maringo ya kutosha wilaya nzima. Bwana Mifugo wa Wilaya hakunipeleka kwenye josho la ng'ombe kama nilivyotarajia. Alinikabidhi kisanduku cha chanjo chenye barafu.

"Anza na mbwa," alisema. "Ng'ombe watakungoja."

Nilinuna. Chuoni nilisomea magonjwa ya ng'ombe, ndigana na homa ya mapafu, halafu natumwa kukimbizana na mbwa! Ninyi mnaoanza kazi leo na pikipiki za ofisi, jueni kwamba sisi tulitembea nyumba kwa nyumba. Mwenye mbwa anamshika kichwa, wewe unavuta ngozi ya shingoni, unachoma sindano chini ya ngozi, unajaza kadi, unaondoka. Kazi ya dakika tano, na mimi nilijiona bingwa wa hizo dakika tano.

Siku ile nilifika kwa Mzee Chilewa, mfugaji wa mbuzi. "Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo, nami nikaitikia vivyo hivyo. Mbwa wake, Bobi, alikuwa mlinzi wa zizi, na fisi wa vilima vile walimjua. Alichomwa sindano bila hata kunguruma. Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wa kike wa siku sita.

"Bwana mifugo," aliniuliza, "huyu hana neno kwa mtoto?"

Nilimjibu huku nikijaza kadi, wala sikuinua macho. "Mpole sana huyu. Hana neno."

Wiki ile ile yule mama alimlaza mtoto kwenye ngozi ya ng'ombe, akatoka kuepua sufuria ya uji. Mtoto akalia. Bobi alikuwa hajawahi kuachwa na kitu kidogo namna ile kinachopiga kelele. Alisogea, akanusa, akang'ata. Mama alirudi mbio akamnyakua mwanawe, damu ikimtoka karibu na sikio. Waliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, wakakimbilia zahanati, na mtoto akapona. Alibaki na kovu.

Nilipokwenda kuwaona, nilitegemea matusi. Yule mama hakunitukana. Alinitazama tu, akasema, "Wewe ulisema mpole."

Mzee Chilewa alikuwa ameshachukua mkuki. Bosi wangu, niliyekuwa nimekwenda naye, alimzuia. "Hauawi leo, mzee wangu. Afungwe siku kumi tumtazame, tujue kama ana kichaa cha mbwa." Kisha akanigeukia. "Ulimpima na nini ukajua ni mpole?"

Nilimwonyesha kadi ya chanjo.

"Chanjo inazuia kichaa. Meno haizuii."

Siku zote kumi nilikwenda kumtazama Bobi, na kwa kweli hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mtoto alipolia ndani, Bobi alikakamaa, akalamba pua, akageuza uso, weupe wa jicho ukaonekana. Mbwa akifanya hivyo anaomba nafasi. Watu wetu wakisikia mbwa ananguruma humpiga fimbo, kumbe wanamfundisha kung'ata bila kutoa taarifa. Bobi hakuwa na kichaa. Alihamishiwa zizini, nyuma ya uzio wa miiba, akaendelea na fisi wake. Mimi niliapa kwamba neno "mpole" halitatoka tena kinywani mwangu, na kwamba hakuna mtoto mwingine atakayeumia kwa kauli yangu.

Nilihamishiwa Kolo. Huko nilimwendea Muuguzi Mfawidhi wa zahanati, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, nikamwomba niongee na wajawazito siku ya kliniki.

"Bwana wa ng'ombe kwenye kliniki yangu?" alishangaa.

"Mama, waulize wangapi wana mbwa nyumbani."

Aliuliza. Mikono ikainuka karibu yote. Akaihesabu kwa macho. "Dakika kumi. Na hayo mabuti yabaki nje."

Nikawafundisha peku. Niliwaambia wamhamishe mbwa mahali pa kulala mimba ikiwa bado changa, asije akadhani mtoto ndiye aliyemfukuza. Mtoto akizaliwa, baba atangulie nyumbani na kanga aliyofungwa mtoto, mbwa ainuse kwa mbali huku akisemeshwa vizuri. Mama aingie kwanza mikono mitupu, maana mbwa amemkumbuka na atamrukia. Mtoto aje baadaye, mtu mzima mmoja akiwa na mtoto, mwingine akiwa na kamba ya mbwa. Nguo zenye damu au maziwa zisitupwe ovyo. Na mwisho niliwaimbisha wote: mbwa na mtoto mchanga hawaachwi peke yao, hata kwa kuepua sufuria. Walicheka sana, lakini kauli hiyo waliishika.

Nikaenda Mtera, kwa wavuvi wenye mbwa wanaopigania vichwa vya samaki mlangoni. Nikawahamishia mahali pa kulishia mbwa mbali na nyumba. Nikamalizia Dodoma mjini, ambako hata wenye maduka makubwa waliniita waliposubiri mjukuu, wakanifungulia mageti yenye mbwa wa kutisha. Nasema bila kuona haya: tangu Kibakwe hadi nastaafu, sikuletewa tena habari ya mtoto mchanga aliyeng'atwa katika nyumba niliyoingia. Hiyo ndiyo nishani yangu, na siiazimi kwa mtu.

Sasa nipo nyumbani na mjukuu. Mkwe wangu Rehema nilimfundisha yote, na mbwa wangu Jeki alinusishwa kanga kama inavyotakiwa. Alasiri moja Rehema alikuwa anaoga. Mtoto alilala mkekani barazani, Jeki amejinyoosha kando ya mlango, nami nimekaa kwenye kigoda nikilinda. Mara nikasikia maziwa yanafurika jikoni. Nikanyanyuka.

Niliporudi, Rehema alikuwa amesimama katikati ya mbwa na mkeka, maji yakimtiririka, mtoto kifuani.

"Baba, ulikwenda wapi?"

"Kuepua maziwa." Na kabla sijajizuia, nikaongeza, "Jeki mpole huyu."

Nililisikia neno lenyewe likitoka. Nikamwona mama wa Kibakwe mbele yangu.

Rehema aliinamisha macho kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Nisamehe, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hata kwa kuepua sufuria."

Nilimfunga Jeki mwenyewe. Niliona aibu, sitaficha. Lakini jioni ile nilijaa fahari kuliko siku niliyoagwa ofisini, kwa sababu kazi yangu imepata mtu asiyeniogopa hata mimi.

Kesho yake tulikaa tena barazani, yeye akimnyonyesha mtoto, mimi nimeshika kamba ya Jeki. Maziwa yakafurika. Tuliyasikia wote wawili yakichuruzika kwenye mkaa, harufu ya kuungua ikatufikia. Rehema alinitazama. Sikunyanyuka.

Tulikunywa chai ya rangi.