Marehemu Aliyekatazwa Kufa

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya filamu niliigiza muuguzi mwenye sentensi moja, na sentensi hiyo sikuimaliza mpaka jua lilipoanza kuinama. Tulikuwa Ibadakuli, kwenye ua wa nyumba ya kupanga. Kila nilipofungua mdomo kumwambia baba wa mgonjwa kwamba dawa zimekwisha, ama jogoo aliwika, ama jirani alianza kutwanga, ama ndege ilinguruma ikielekea uwanjani. Mwongozaji wetu, mtu mkali aliyetokea kwenye maigizo ya jukwaani, hakuniangalia hata nilipomwomba tupumzike kidogo.

"Ndege hairudii, Mama Kulwa," alisema. "Rudia wewe."

Nilirudia kwa miaka mingi. Niliigiza mama mkwe nikiwa bado kijana, niliigiza mke mwenza, niliigiza marehemu. Huku nikiigiza nilijifunza kazi ya nyuma ya kamera, hasa mwendelezo, yaani kuhakikisha kwamba mtu akiingia mlangoni na kanga ya bluu, ndani tunamwona na kanga hiyo hiyo, hata kama vipande hivyo viwili vilipigwa siku tofauti. Hilo tu. Lakini jaribu kumweleza mwigizaji mkuu aliyekwenda kusuka nywele upya kati ya mlango wa nje na sebule. Nilipomuuliza watazamaji watamwonaje, alinijibu kwamba watafurahi, amependeza.

Mwongozaji alipohamia Mwanza, mtayarishaji aliniita dukani kwake. Mtayarishaji ndiye mwenye filamu: yeye hugharimia, yeye huuza. Wetu alikuwa mfanyabiashara wa Shinyanga mjini, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Pangani, mpole, na mwenye imani moja isiyotikisika: kwamba kila filamu lazima iwe na mganga. Mtazamaji wa Kahama asipoona mganga, alisema, anadhani kanda ina kasoro. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe alinikubalia niongoze filamu niliyoiandika mwenyewe, bila mganga, kuhusu mchimbaji wa Geita anayefia duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, na mke anayebaki. Niliitaka sana filamu hiyo. Kwetu Ushirombo nilikuwa nasali na wajane wa namna hiyo kila Jumapili, na sikuwahi kuwaona kwenye skrini.

Kwenye machimbo tulipiga picha kwa taabu. Makarasha, mashine za kusaga mawe, hayanyamazi, na wachimbaji waliotoka kwetu walipita mbele ya kamera wakinituma nimsalimie mama yangu. Lakini nilikuwa na mwigizaji mzuri wa kuwa mchimbaji wangu, Luhende, kijana mlima tumbaku wa Ushetu mwenye uso ambao kamera iliupenda. Tukabakiza msiba tu. Tuliupiga kijijini karibu na Ushirombo: turubai, kina mama wanalia, na Luhende ndani ya jeneza, pamba puani.

Mwendesha bodaboda mmoja wa Ushetu alipita akamwona. Hakusimama kuuliza. Alifika Ushetu kabla hatujamaliza, na mchana tuliona lori linaingia limejaa watu wa ukoo wakiomboleza. Mama yake Luhende alishuka, akamkuta mwanawe amekaa kando ya jeneza anakula wali, pamba bado ziko puani. Hakupiga kelele. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, kisha akaketi chini mchangani. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Alipopata nguvu alimpandisha mwanawe kwenye lori, wakaondoka, naye Luhende hakuthubutu kunitazama.

Mtayarishaji aliniambia kwa simu nitafute mwingine. Nilimweleza kwamba uso haubadilishwi kama shati, na filamu nzima ilikuwa na uso wa Luhende. Akashauri mganga.

Nilikwenda Ushetu mwenyewe. Yule mama alinipokea vizuri, akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji ya kunywa. Akaniuliza, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, kwenye picha yangu mwanawe anatoka lini jenezani. Nikamwambia hatoki. Nikaanza kumfafanulia kuhusu wajane wa machimbo, jinsi ambavyo hakuna anayewasimulia.

"Mimi ni mjane," alisema. "Baba yake alibaki duarani na hatukumpata. Sasa wewe unataka kila mtu akiwasha televisheni amwone na huyu amelala. Mtoe humo, ndipo nikurudishie."

Nilirudi nikafanya jambo ambalo nimewakataza waandishi wote niliofanya nao kazi: niliugeuza msiba kuwa ndoto. Mke anaamka, mlango unafunguliwa, mume anaingia na koleo begani. Nilipiga kipande hicho nikiwa nimeuma meno.

Filamu ilipendwa kuliko zote nilizowahi kuongoza. Ilipooneshwa Kahama ukumbini, mama yake Luhende alikaa mbele. Mwanawe alipoingia mlangoni kwenye skrini, aliinuka, akajifunga vizuri kitenge, akatoka nje. Yaliyobaki hayakumhusu.

Siku hizi nimestaafu, magoti yamekataa, na vijana wanakuja kwangu Shinyanga na simu zao zinazopiga picha nzuri kuliko kamera zetu zote. Wananiuliza namna ya kupata umaarufu. Hawaniulizi habari ya mwendelezo. Majuzi alikuja mmoja kutoka Geita, mwenye adabu, na kompyuta mpakato. Alikuwa ameikata ile filamu upya, akaondoa pale mke anapoamka na yale ya mlangoni, msiba usiwe ndoto tena. Luhende amefukiwa, mke anabaki peke yake uani, mwisho. Ilikuwa filamu niliyoiandika. Ilikuwa nzuri mno, nami nilikasirika kiasi kwamba chai ilipoa.

Nikamwambia aifute, nikamsimulia habari ya mama yake Luhende.

"Lakini mama, yule bibi si alishafariki?" aliuliza. "Nani atalalamika?"

Nikamwambia nilimtoa mwanawe jenezani kwa kuombwa na mama yake, na simrudishi humo kwa sababu tu mama hayupo. Alinitazama kama mtu anayetazama mzee mkaidi, na hakukosea. Ule mwisho wangu wa ndoto ni mbaya. Niliketi pale mpaka nikamwona ameufuta wake.